Jinsi ya Kuilaza Kesi Yako Mpaka Isiamke: Mwongozo kwa Waliopigwa Kalamu Busia

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepigwa kalamu Busia, upande wowote wa mpaka, ambaye ameamua kwa moyo mmoja kwamba hataki kulipwa hata ndururu. Watu wa namna hiyo si haba, ila mpaka leo wamekuwa wakijifanyia wenyewe, kila mmoja kwa kipaji chake, bila mtu wa kuwaelekeza. Ndiyo maana mmoja mmoja huteleza. Anafutwa Jumatatu, Ijumaa ameshaingia ofisi ya leba, na baada ya muda mwajiri anaamriwa kumlipa. Kenya, mahakama inaweza kumpa aliyeachishwa kazi kwa dhuluma fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, ukiacha notisi na likizo alizonyimwa. Fikiria mtu mzima kupatwa na mkasa huo kwa sababu tu hakupata wa kumshauri.

Kabla ya yote, hakikisha kesi yako ni nzuri. Kesi mbovu haina raha ya kuilaza, maana ingekufa tu hata ukiikesha. Nzuri ni ya namna hii: kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya kinamtaka mwajiri anayetaka kukufuta kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu akueleze kosa lako kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, kisha akusikilize. Uganda, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ajira ya 2006 kinataka karibu yayo hayo. Wewe hukuelezwa wala hukusikilizwa. Ulikuta tu kijana mwingine amevaa aproni yako. Safi kabisa. Kesi kama hiyo mwajiri hana pa kuishika, isipokuwa wewe mwenyewe umsaidie.

Msaada wa kwanza ni kutojua siku uliyofutwa.

Kampuni kubwa hutoa barua, na barua ni kikwazo kwetu, tutaifikia. Lakini kazi nyingi za Busia haziishi kwa barua. Bohari za mahindi na maharagwe, maduka ya jumla, gereji, hoteli za madereva, shule za watu binafsi: huko kibarua huota nyasi kwa mdomo. Unafika saa moja asubuhi. Askari wa getini, ambaye jana mlikunywa chai pamoja, anasimama katikati ya geti na hakutazami usoni. “Bosi amesema usiingie.” Unauliza kwa nini. “Mimi ni mtu wa kutumwa tu, ndugu yangu.” Chini ya mkono wake kuna lile daftari la kuingia, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi ili wafanyakazi wasiondoke nayo. Jina lako limo humo kila asubuhi kwa miaka minne, pamoja na saa na sahihi. Kwenye ukurasa wa leo halimo, na halitakuwamo tena.

Mtu mwenye nia mbaya na mwajiri wake angetoa simu palepale akamwandikia bosi: “Leo tarehe fulani nimezuiwa getini, naomba kujua sababu.” Ujumbe huo mmoja ungeweka siku, ungeweka tukio, na jibu lolote la bosi, hata la matusi, lingekuwa ushahidi. Kwa hiyo usiandike chochote. Piga simu, tena ukiwa na hasira, halafu futa kumbukumbu za simu. Miezi ikipita, mtu akikuuliza ulifutwa lini, mwambie ilikuwa kama mwezi wa tano hivi, mvua bado inanyesha. Sheria ya Kenya inamtwika mfanyakazi mzigo wa kuonyesha kwamba kufutwa kwenyewe kulitokea, ndipo mwajiri atakiwe kuthibitisha sababu zake. Bila siku, wakili wa mwajiri atasema hukufutwa, ulitoroka kazi. Na kama ulifutwa, atasema, ilikuwa zamani sana.

Angalizo dogo: usiogope kwamba hukuwa na mkataba wa maandishi. Hilo halikusaidii kupoteza. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi ulipaswa kuandikwa, anayepaswa kuuandika ni mwajiri, na akishindwa kuuleta mahakamani yeye ndiye wa kukanusha masharti unayoyadai. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha pesa ikiingia kila mwisho wa mwezi kutoka namba ileile nayo huaminika vizuri mno. Badilisha laini ya simu.

Ikiwa kwa bahati mbaya ulipewa barua, itazame kwa makini: mara nyingi ina siku mbili. Iko ile iliyochapwa juu, na iko ile uliyokabidhiwa. Barua inaweza kuandikwa tarehe 30 ikakufikia tarehe 14 ya mwezi unaofuata, kwa sababu karani alikuwa likizo au kwa sababu mtu alitaka wiki mbili zikae upande wake. Ukipewa nakala ya kusaini, saini haraka bila kuandika tarehe ya kupokea. Bahasha tupa. Barua yenyewe itakuagiza kwa kirefu urudishe sare, buti, kitambulisho cha kazi na funguo za stoo. Haitakuambia popote kwamba una muda fulani wa kulalamika, na hakuna kifungu kinachomlazimisha mwajiri akuandikie jambo hilo. Hapa niseme bila utani: mstari mmoja tu chini ya barua ungeokoa kesi nyingi kuliko semina zote za haki za wafanyakazi zinazofanywa hotelini. Lakini tusiharibu kazi.

Sasa tuingie kwenye utamu wa Busia, ambao mtu wa Nyeri au wa Masaka hawezi kuupata. Hapa kuna saa mbili. Mji ni mmoja, watu ni walewale, Msamia wa huku na Msamia wa kule ni ndugu, na Mteso wa Tororo ana shemeji Malaba. Tangu kile kituo kimoja cha mpaka kizinduliwe na Rais Kenyatta na Rais Museveni mwezi wa Februari 2018, kuvuka kihalali kumekuwa rahisi kiasi cha kuwaudhi watu wa njia za panya. Kwa mzaha wa historia, Sheria ya Ajira ya Kenya ni Sura ya 226, na Uganda ilipozipanga upya sheria zake juzijuzi, ya kwao nayo ikaangukia Sura ya 226. Ukisikia mtu anataja “ile 226,” huwezi kujua anatokea ng’ambo ipi.

Ila saa hazilingani hata kidogo. Uganda, aliyeachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kufikisha malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufutwa. Kenya, madai yanayotokana na ajira hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Tatu kwa tatu. Sheria haikukusudia kukutega, lakini mtego umetegeka wenyewe, na kazi yako ni kuuingia.

Njia yake ni hii. Chukua mfano wa dada anayelala upande wa Kenya na kuuza duka la jumla Sofia, upande wa Uganda. Anavuka kila asubuhi, analipwa kwa shilingi za Uganda, na siku moja anaambiwa duka limepata mtu mwingine. Jioni anamweleza binamu yake, kijana msomi aliyewahi kuwa karani wa wakili. Binamu anamtuliza: “Dada, usiwe na presha. Sheria ya kazi ni miaka mitatu.” Binamu hajasema uongo, amesema tu ukweli wa ng’ambo. Kwa kawaida sheria inayoifuata kazi ni ya mahali inapofanyika, na kaunta ya yule dada iko Uganda, hata kama godoro lake liko Kenya. Anapumzika, anaanza biashara ya mitumba, na mwaka unaofuata ndipo anakwenda kumwona afisa wa kazi. Kila mtu aliyefutwa Busia anahitaji binamu kama huyo. Ukimkosa, uliza kijiweni, utapewa wawili.

Uganda ina kasoro moja ambayo lazima uizibe. Baada ya kutaja miezi mitatu, kifungu chenyewe kinaongeza kwamba malalamiko yanaweza kupokelewa hata baadaye, mfanyakazi akionyesha kwamba ni haki kufanya hivyo kulingana na hali yake. Ni kadirisha kadogo, lakini watu wamepitia. Aliyelazwa hospitali huonyesha makaratasi ya hospitali. Aliyedanganywa na bosi huonyesha ujumbe wa simu. Kwa hiyo ukiugua, usihifadhi karatasi yoyote yenye mhuri. Ukiulizwa kwa nini umechelewa, jibu sahihi ni “nilikuwa na mambo mengi.” Pia kumbuka kwamba haki hiyo ya kulalamika imewekewa wale waliofanya kazi mfululizo kwa wiki zisizopungua 13, kama umefikisha, sema hukumbuki.

Na ukishafika kwa afisa wa kazi, usihesabu siku. Siku 90 zikipita tangu ulipowasilisha malalamiko bila uamuzi, sheria inakuruhusu kulibeba shauri lako mpaka Mahakama ya Viwanda. Wewe endelea kukaa kwenye benchi. Afisa ni mmoja, wilaya ni pana, mafuta ya pikipiki hayajafika. Muonee huruma. Mwenye huruma hahami benchi.

Tuvuke turudi Kenya, kwa sababu miaka mitatu inastahili sura yake. Wengi hudhani muda mfupi ndio unaoua kesi. Mimi naona muda mrefu unaua zaidi, maana muda mfupi humtia mtu hofu, na mwenye hofu hukimbia. Akiwa na miezi mitatu tu, mtu anauza kuku apate nauli ya kwenda kwa wakili. Miaka mitatu humfanya mtu apange kwanza mambo mengine: mtoto amalize shule, mahindi yavunwe, uchaguzi upite. Kifungu chenyewe kilizoeleka kwa jina la kifungu cha 90. Siku hizi, baada ya sheria kuhesabiwa upya, ni cha 89, na hilo peke yake limewapa watu kisingizio cha kutokisoma. Kinaanza kwa kuisukuma pembeni ile sheria ya zamani ya ukomo wa madai, iliyotoa miaka sita kwa mambo ya mikataba. Kwa hiyo akitokea mzee aliyestaafu reli akakuhakikishia kwamba una miaka sita, mheshimu sana. Alikuwa sahihi enzi zake, na sheria mpya imeanza kufanya kazi tangu Juni 2008 tu, ni juzi.

Ndani ya miaka hiyo mitatu kuna chumba cha siri. Madai ya madhara yanayoendelea, ambayo mawakili hupenda kuyabishania kwenye mambo kama mshahara uliokuwa ukipunjwa mwezi baada ya mwezi, yamewekewa miezi 12 tangu madhara hayo yalipokoma. Maana yake ni kwamba unaweza kufika mahakamani mwaka wa pili ukiwa umechangamka, kesi ya kufutwa ikiwa hai, halafu ukaambiwa kwamba zile saa za ziada za miaka minne, ambazo ndizo zilikuwa pesa nyingi, zilishazikwa. Huo ni ushindi wa nusu, na kwa anayeanza si haba.

Halafu kuna miezi mitatu ya Kenya. Ndiyo, Kenya nayo inayo. Kifungu cha 47 kinasema aliyefutwa anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Unaweza kukitumia kwa njia mbili, zote nzuri. Ya kwanza: miezi mitatu ikipita, jiambie kila kitu kimekwisha na usijaribu kabisa kwenda mahakamani, ingawa mlango wa mahakama bado uko wazi kwa miaka karibu mitatu. Ya pili: nenda leba mapema, pewa tarehe, mwajiri asije, pewa tarehe nyingine, na uamini kwamba muda wote huo ile saa kubwa imesimama ikikungoja. Kifungu cha miaka mitatu hakina neno lolote la kuisimamisha saa eti kwa kuwa wewe uko kwenye benchi la leba.

Hapo tumefika kwenye kiini cha ufundi huu: kungoja. Anayetaka kesi ife vizuri sharti awe anangoja kitu, si kulala tu. Kulala kuna aibu. Kungoja kuna heshima.

Unaweza kungoja kesi ya jinai. Umefutwa kwa kusingiziwa magunia kumi ya mahindi, polisi wakakushika, ukafikishwa kwa hakimu. Kila mtu mwenye busara atakwambia: maliza kwanza hii, uonekane msafi, ndipo uwashtaki. Maneno hayo yana akili ya kutosha, ndiyo maana yanafaa sana. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilipata kesi ya namna hiyo dhidi ya Mwanasheria Mkuu: watu walifutwa kazi, wakashtakiwa, wakaachiliwa huru, ndipo wakaja na madai yao. Mahakama ikasema muda ulianza kuhesabiwa siku ya kufutwa, si siku ya kuachiliwa. Ukiwa na mashahidi wa jinai wanaoahirisha kila mara, miaka mitatu itakwisha hata hujafika kujitetea.

Unaweza kungoja chama. Chama cha wafanyakazi nacho kina saa yake: mgogoro wa kufutwa kazi unatakiwa kuripotiwa wizarani ndani ya siku 90, isipokuwa waziri aruhusu zaidi kwa sababu ya maana. Mweleze katibu wa tawi habari yako wakati wa mazishi, akiwa na haraka, na usimwandikie.

Lakini kungoja kulikokamilika, kungoja kwa mabingwa, ni kumngoja mwajiri mwenyewe. Mwajiri mkali ni hasara kwako; anakutukana, unaenda kwa wakili siku hiyohiyo. Tafuta mwajiri mpole. Ukienda ofisini kudai haki zako, mama wa ofisi anakupokea kwa jina. “Karibu, baba. Watoto hawajambo? Faili lako liko mezani kwa mkurugenzi, ila amesafiri.” Unapewa chai. Mwezi unaofuata mkurugenzi amerudi lakini mhasibu yuko semina. Mwezi wa tatu wanakubali kabisa kwamba una haki yako, wanakupa shilingi elfu tano za kushikilia, na wanakuomba usiende kwa mawakili kwa kuwa “sisi ni familia.” Pasaka inapita. Mchungaji anaombwa aingilie, anaingilia, wote wanaomba pamoja. Wanaandika barua kwamba suala lako linashughulikiwa. Mwaka wa pili mama wa ofisi anahamishwa, na mpya hajui faili. Wewe huna ugomvi na mtu. Upole huo wote hauongezi hata siku moja kwenye kifungu cha 89, na mwajiri mwenye wakili mzuri anaijua hesabu hiyo kuliko anavyojua jina la mtoto wako.

Kuna wanaoamini kwamba jaji akisikia habari ya elfu tano na maombi ya mchungaji atalegea na kuongeza muda. Kwa wenye imani hiyo kuna uamuzi wa 2015, kesi iliyolihusu Shirika la Posta la Kenya, ambapo Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba miaka mitatu ni miaka mitatu na mahakama haina uwezo wa kuirefusha. Sheria ya ukomo huruhusu nyongeza kwenye madai fulani ya majeraha yatokanayo na uzembe. Ajira ni mkataba, na mkataba haumo. Hapa majirani wametuacha. Uganda ina kale kadirisha. Tanzania ni wakali zaidi kwa siku, maana anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini aliyechelewa anaweza kujaza fomu ya kuomba kuongezewa muda akaeleza sababu zake. Kenya imekupa ukumbi mkubwa usio na dirisha. Kama ningeulizwa, ningeomba tupunguziwe ukumbi tupewe dirisha. Sijaulizwa.

Kwa madereva wa malori nina ushauri wa pekee, kwa sababu wao hufutwa kwa simu wakiwa kwenye foleni. Kampuni iko Mombasa, mkataba ulisainiwa Mombasa, trela iko Malaba ikielekea Tororo na saruji haijashushwa, na sauti kwenye simu inasema mwachie turnboi funguo. Swali la mahakama ipi ni tamu, na unaweza kulitafuna kwa miaka. Kwa mkataba kama huo, mahali pake ni Kenya. Wewe anza Uganda, kwa kuwa ndiko ulikokuwa umeegesha. Au ubaki Kenya lakini ukosee mlango: tangu 2018 mahakimu walioteuliwa husikiliza madai ya ajira ya watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, na wanaozidi hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo kwa watu wa Busia iliyo karibu iko Bungoma. Ukilipwa zaidi ya hapo, nenda kwa hakimu. Kesi iliyofunguliwa mahakama isiyo na mamlaka huhesabiwa kwamba haikuwahi kuzaliwa, na haiwezi hata kuhamishwa. Majaji wa Kenya wanapolisema hilo hupenda kutaja uamuzi wa Mahakama Kuu ya Uganda wa mwaka 1968. Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulianza zamani.

Tukitaja Afrika Mashariki, usisahau tishio la Arusha. Kila baraza la Busia lina mtu anayesema, “Wakinisumbua nitawapeleka Mahakama ya Afrika Mashariki.” Inasikika vizuri, hasa ikisemwa kwa sauti karibu na bendera. Mahakama hiyo huhukumu mambo ya Mkataba wa Jumuiya, si ugomvi wako na mwenye bohari, na anayepinga kitendo cha nchi mwanachama pale ana miezi miwili. Miwili. Kwa hiyo hata ukikosea njia kwa kwenda Arusha, utakuta umechelewa, jambo ambalo linapendeza.

Sasa wakili. Wapo wasioweza kukwepa wakili kwa sababu mke amesisitiza. Basi mwendee, lipa nusu ya ada, na umwachie barua ya madai aiandike. Ikiandikwa, chukua nakala yenye kichwa kizuri cha ofisi na nembo ya mizani, iweke kwenye plastiki, uwaonyeshe watu: “Nimeshawashtaki. Hii hapa.” Barua ya wakili si kesi. Ni barua. Ina siku saba za onyo ambazo mwajiri atazihesabu akiwa anatafuna karanga. Kesi ina namba, na namba hutoka mahakamani baada ya nyaraka kupokelewa na ada kulipwa. Usimwulize wakili namba. Akikwambia “iko kwenye mfumo,” shukuru na uondoke, kwa maana siku hizi mashauri hufunguliwa mtandaoni, na nyaraka zinaweza kupakiwa vizuri kabisa zikakaa humo bila kulipiwa, zikingoja ile nusu ya pili ya ada uliyoahidi baada ya mavuno.

Ukifika siku za mwisho ukiwa bado hujakata tamaa ya kupoteza, jihadhari na hesabu ya kalenda, inaweza kukuponza. Siku yenyewe ya kufutwa haihesabiwi. Na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya taifa, sheria ya tafsiri inaisogeza mbele. Kuna mtu anaweza kukurupuka Jumatatu akidhani amechelewa, kumbe yumo ndani. Mtu asiyetaka kuhatarisha mambo aongeze wiki nzima.

Baada ya hapo hakuna kazi tena, ni kuvuna. Fungua kesi kwa kishindo. Eleza yote: geti, askari, daftari, magunia, mchungaji. Weka picha za sare. Wakili wa mwajiri hatajibu hata moja. Ataleta pingamizi la awali la kurasa mbili, atahesabu miaka kwa vidole, atakaa. Hakuna atakayeuliza kama uliiba au hukuiba, kama ulisikilizwa au hukusikilizwa, wala kwa nini kijana mwingine alikuwa na aproni yako. Kesi itatupwa, na huenda ukabebeshwa na gharama za mwenzako.

Na kama bado una hela, kata rufaa. Kutoka Bungoma, notisi ya rufaa inatakiwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi, nayo Mahakama ya Rufaa iliyo jirani iko Kisumu. Ukiwa umeufuata mwongozo huu hatua kwa hatua, utaikumbuka siku ya ishirini.